Kaunta za malipo: Kwa nini mwenye duka anapaswa kuujua mfumo endeshi wake

MSIMU wa bonasi ya majanichai ni wakati wa pilkapilka nyingi katika maduka ya kaunti za Kericho na Bomet. Wakulima wanaopeleka majani mabichi kwa viwanda vinavyosimamiwa na Shirika la Ustawi wa Majanichai (KTDA) hupokea malipo hayo mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba. Fedha hizo ndizo hulipia unga, mabati, magodoro na madeni yaliyolimbikizwa tangu Januari.

Mwaka 2025 msimu huo ulisadifiana na tukio lililotokea mbali sana na mashamba ya chai. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya masahihisho ya kiusalama kwa Windows 10, mfumo ulioanza kutolewa mwaka 2015 na ambao umeenea katika kompyuta za ofisini, za nyumbani na za kaunta za malipo madukani.

Hakuna kaunta iliyozimika siku hiyo kwa sababu ya tangazo hilo. Kompyuta ziliendelea kuwaka, risiti zikachapwa na wateja wakahudumiwa kama ada. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Mwenye duka haoni kilichobadilika, ilhali kila kasoro itakayogunduliwa baada ya tarehe hiyo haitazibwa katika mashine yake, isipokuwa amelipia au amejisajili kwa huduma ya ziada.

Kwa sababu hiyo, wafanyabiashara wanaotaka kununua mashine mpya za kaunta, au kuokoa zile walizo nazo, wanalazimika kujibu swali ambalo awali waliliacha mikononi mwa muuzaji wa kompyuta: je, mashine hizo ziendeshwe na mfumo gani?

Jibu halitokani na jina la kampuni wala bei ya siku ya kwanza. Hutokana na mambo manne: idadi ya miaka ambayo mfumo utaendelea kufanyiwa masahihisho, jinsi unavyostahimili kukatika kwa stima na mtandao, uwezo wake wa kuwasiliana na Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) pamoja na huduma za malipo kwa simu, na kama kuna fundi wa karibu anayeuelewa.

Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote. Keshia anapopitisha paketi ya sukari mbele ya kifaa cha kusoma msimbopau, mfumo endeshi ndio hupokea nambari iliyosomwa na kuikabidhi programu ya mauzo. Mauzo yakikamilika, mfumo huohuo huiamuru printa itoe risiti, huifungua droo ya pesa na kuhifadhi kumbukumbu za mauzo.

Kompyuta ya kawaida hutumiwa kwa kazi nyingi: kuandika barua, kutazama video, kusoma baruapepe. Mashine ya kaunta ina kazi moja tu, nayo ni kuuza. Ndiyo maana kuna mifumo endeshi iliyotayarishwa mahsusi kwa mashine za kazi moja. Mifumo ya aina hii hupachikwa ndani ya mashine, hupunguzwa yasiyohitajika na hufungwa ili mtumiaji asiweze kuongeza mambo yake. Mashine ikiwashwa, huingia moja kwa moja katika programu ya mauzo.

Mkulima wa chai anaijua mashine ya namna hiyo hata kama hajawahi kusikia jina lake. Mizani ya kielektroniki inayotumiwa katika vituo vya kununulia majanichai ni kifaa cha kazi moja. Hupima majani, huandika kilo katika hesabu ya mkulima na kutoa risiti. Haichezi muziki wala haifungui mtandao wa kijamii. Mkulima hangekubali kilo zake zipimwe na chombo ambacho karani hukitumia pia kutazamia filamu. Mwenye duka ana haki ya kudai vivyo hivyo kuhusu mashine inayohesabu fedha zake.

Kutoka kengele hadi kompyuta

Mashine ya kwanza ya kuhesabu mauzo iliundwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, aliyetaka kuzuia wizi wa fedha uliofanywa na wafanyakazi wake. Mnamo Juni 26, 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo hilohilo, paketi ya chingamu ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbopau wa aina inayotumiwa hadi leo.

Kampuni ya IBM ilitengeneza mfumo wake wa kaunta uliojulikana kama 4690, uliotumiwa na maduka makubwa ya ng'ambo kwa miaka mingi, kabla ya kuiuzia kampuni ya Toshiba biashara hiyo mwaka 2012. Microsoft nayo ilitoa mwaka 2005 toleo la Windows lililokusudiwa kaunta za malipo, likafuatwa na mengine mawili yaliyoitwa POSReady 2009 na POSReady 7.

Nchini Kenya, msukumo mkubwa ulitoka kwa serikali. Mashine za kielektroniki za ushuru, maarufu kama ETR, zilianza kushurutishwa mwaka 2005 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kulipa Ushuru wa Ziada ya Thamani (VAT), na zilizua upinzani kutoka kwa wafanyabiashara waliolalamikia gharama. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilizinduliwa, na baadaye kaunta ikalazimika kupokea malipo kwa simu sambamba na fedha taslimu. Mwezi Februari 2023 KRA ilizindua mfumo wa eTIMS, ambao huwezesha ankara kutumwa kwa mamlaka hiyo bila ya mfanyabiashara kununua kifaa maalumu.

Kwa hivyo, mashine iliyokuwa kikokotoo chenye droo sasa ni kompyuta inayozungumza na mamlaka ya ushuru, kampuni ya simu na ghala la duka kwa wakati mmoja.

Miaka ya huduma

Jambo la kwanza la kuuliza ni tarehe ya mwisho. Kila mfumo endeshi una siku ambapo watengenezaji wake huacha kuutolea masahihisho, na kwa kawaida tarehe hiyo hutangazwa mapema.

Windows XP ya kawaida iliachwa Aprili 8, 2014. Hata hivyo, POSReady 2009, ambayo ilijengwa juu ya XP hiyohiyo, iliendelea kupokea masahihisho hadi Aprili 9, 2019, yaani miaka mitano zaidi. Windows 7 ya kawaida ilifikia kikomo Januari 14, 2020, lakini POSReady 7 ikaendelea hadi Oktoba 12, 2021.

Mtindo huo umeendelea. Ingawa Windows 10 ya kawaida imefika mwisho, toleo la vifaa vya kazi maalumu liitwalo Windows 10 IoT Enterprise LTSC la mwaka 2021 litaendelea kuhudumiwa hadi Januari 13, 2032. Lile la mwaka 2019 litafika Januari 2029, nalo Windows 11 IoT Enterprise LTSC la mwaka 2024 limeahidiwa huduma hadi Oktoba 2034.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa duka. Kompyuta ya ofisini huweza kubadilishwa kila baada ya miaka minne au mitano, lakini mashine ya kaunta aghalabu hutarajiwa kufanya kazi hadi itakapokufa. Mwenye duka anayenunua leo mashine iliyobakiwa na miaka miwili ya masahihisho amenunua deni bila kujua.

Ikumbukwe pia kwamba Windows 11 ya kawaida haikubali kila kompyuta. Inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kompyuta zilizokwishatumika ng'ambo na kuletwa nchini kuuzwa kwa bei nafuu huenda zisitimize masharti hayo, hata zikiwa bado zina nguvu za kutosha kuendesha programu ya mauzo.

Stima na mvua ya mawe

Jambo la pili ni mazingira. Kericho inajulikana duniani kote na wataalamu wa hali ya hewa kwa mvua ya mawe. Katika nyanda hizi za chai zimewahi kuhesabiwa zaidi ya siku 100 za mvua hiyo kwa mwaka mmoja. Mvua hiyo huandamana na radi, na radi haiachi salama nyaya za stima wala vifaa vilivyounganishwa nazo.

Isitoshe, yapo matatizo ya taifa zima. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia gizani, hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ukaathirika. Giza kama hilo lilirejea mwezi Novemba na tena Desemba mwaka huohuo.

Stima inapokatika ghafla, kompyuta huenda ikawa katikati ya kuandika kumbukumbu za mauzo. Maandishi yaliyokatizwa hivyo huweza kuharibu faili, na katika hali mbaya zaidi mashine ikakataa kuwaka. Kompyuta inapogoma saa nne asubuhi siku ya bonasi, foleni haingoji fundi atoke Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 250. Wateja huvuka barabara na kuingia duka la jirani.

Mifumo iliyotengenezwa kwa kazi maalumu ina kinga dhidi ya balaa hili. Windows IoT ina chombo ambacho huzuia mabadiliko yasiandikwe katika sehemu ya hifadhi iliyobeba mfumo. Lolote litakalotokea mchana, iwe ni virusi au keshia aliyebadilisha mipangilio, hufutika mashine inapozimwa na kuwashwa upya. Linux huweza kupangwa vivyo hivyo, sehemu ya mfumo ikawa ya kusomwa tu na sehemu ndogo ikatengwa kwa ajili ya kumbukumbu za mauzo.

Kinga hii haina maana ikiwa kumbukumbu za mauzo zimehifadhiwa katika sehemu hiyo iliyofungwa, kwani nazo zitafutika. Fundi anapaswa kuonyesha, kwa kuchomoa waya wa stima mbele ya mwenye duka, kwamba mauzo ya dakika iliyotangulia yangalipo mashine inapowaka tena.

Hata mfumo bora hauwezi kushinda radi. Kifaa cha kudhibiti nguvu za stima na betri ya akiba ya kuiwezesha kaunta kufanya kazi kwa dakika kadhaa ni sehemu ya bei ya mashine, si mapambo.

KRA na M-Pesa

Jambo la tatu ni sheria. Chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, gharama za biashara zisizothibitishwa kwa ankara ya eTIMS hazikubaliki, isipokuwa zile zilizoruhusiwa kisheria, wakati wa kukokotoa kodi ya mapato kuanzia Januari 1, 2024. Kwa hivyo shule, hoteli au mwanakandarasi anayenunua bidhaa Litein atadai ankara hiyo, na asipoipata atatafuta duka jingine.

KRA ilitoa njia kadhaa. Mfanyabiashara mdogo asiye na kompyuta anaweza kutumia simu kwa kubonyeza *222# au kuingia katika tovuti. Ipo pia programu ya eTIMS inayoweza kuwekwa katika kompyuta au katika vifaa vya Android. Wenye mifumo yao ya mauzo huunganishwa moja kwa moja kwa njia mbili: moja kwa wale walio mtandaoni wakati wote, na nyingine kwa wale wanaotoa ankara nyingi au ambao mtandao wao hukatika, ili mauzo yaendelee na ankara zitumwe baadaye.

Kwa duka lililoko Mogogosiek au Ndanai, njia hii ya pili ndiyo inayofaa kuulizwa kwanza. Muuzaji wa programu ya mauzo anapaswa kueleza ni njia gani imeidhinishwa kwa programu yake, na kwamba inafanya kazi katika mfumo endeshi upi. KRA huchapisha orodha ya kampuni zilizoidhinishwa kuunganisha mifumo ya wafanyabiashara na eTIMS, na ni busara kuikagua orodha hiyo kabla ya kulipa hata shilingi.

Malipo kwa simu nayo yana changamoto zake. Mwishoni mwa Julai 2023, wakati jukwaa la serikali la eCitizen liliposhambuliwa na wadukuzi, kuliripotiwa pia matatizo katika huduma za M-Pesa na ununuzi wa tokeni za stima. Programu ya mauzo inayokataa kukamilisha ununuzi mpaka ipate jibu kutoka mtandaoni italisimamisha duka zima siku kama hiyo, hata kama wateja wana fedha taslimu mkononi.

Usipoziba ufa

Wapo wanaosema kwamba duka la kijijini haliwezi kuwavutia wadukuzi. Dhana hiyo haina msingi, kwani virusi vingi vya kompyuta havichagui. Huzunguka mtandaoni vikitafuta mashine yoyote yenye kasoro isiyozibwa, iwe Mombasa au Mulot. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani. Kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba 2013, wadukuzi waliiba maelezo ya kadi za benki zipatazo milioni 40 kutoka kwa kaunta za kampuni hiyo. Waliingia kwa kutumia nywila ya kampuni ya nje iliyokuwa ikihudumia mitambo ya kupoza hewa, kisha wakapenyeza programu yao hadi katika mashine za malipo.

Mnamo Julai 2021, kampuni ya Coop ya Uswidi ililazimika kufunga mamia ya maduka yake baada ya kampuni iliyokuwa ikisimamia kaunta zake kwa mbali kuathiriwa na shambulizi la kudai kikombozi. Na mnamo Julai 19, 2024, masahihisho yenye kasoro ya programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike yaliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, zikiwemo za kaunta za maduka. Hakukuwa na mdukuzi katika kisa hicho cha mwisho.

Visa hivi vinafunza mambo mawili. Kwanza, masahihisho ni ya lazima, lakini yafaa yajaribiwe katika kaunta moja kabla ya kuwekwa katika zote, na kamwe yasiwekwe mkesha wa siku yenye wateja wengi. Pili, mlango anaoachiwa fundi wa nje ili aingie katika mfumo kwa mbali ufungwe kazi inapokwisha.

Maduka mengi madogo nchini hutumia kifaa cha benki kilicho kando kupokea malipo ya kadi. Mpangilio huo ni wa manufaa, maana nambari za kadi haziingii kabisa katika kompyuta ya duka. Anayeshawishiwa kuviunganisha viwili hivyo ili kurahisisha kazi hana budi kuuliza ni nani atakayebeba lawama mambo yakienda mrama.

Njia tatu

Mwenye duka wa leo ana njia tatu kuu.

Ya kwanza ni Windows ya vifaa maalumu iliyotajwa hapo juu. Faida yake ni kwamba programu nyingi za mauzo zinazouzwa nchini ziliandikwa kwa ajili ya Windows, na printa na vifaa vya kusoma msimbopau huja na programu zake tayari. Kasoro ni kwamba toleo hili halipatikani katika kila duka la kompyuta. Huuzwa pamoja na mashine kupitia kwa watengenezaji na mawakala walioidhinishwa, na mnunuzi hana budi kuhakikisha kwamba jina lililo kwenye leseni ni hilo la IoT Enterprise LTSC.

Ya pili ni Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuibadilisha bila kulipa ada ya leseni. Matoleo kama Ubuntu ya muda mrefu huhudumiwa kwa miaka mitano bila malipo, na hukubali kompyuta kuukuu ambazo Windows 11 inazikataa. Printa nyingi za risiti hupokea amri rahisi zinazofahamika, na hivyo hazileti shida kubwa. Ugumu upo kwa programu ya mauzo. Ikiwa ile ambayo duka limeizoea haina toleo la Linux, kuhama mfumo endeshi kutakuwa pia kuhama programu, kufundisha makeshia upya na kuhamisha orodha ya bidhaa zote.

Ya tatu ni Android, ambayo nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Vifaa vidogo vya mkononi vyenye printa ndani yake vina betri, hutumia laini ya simu na havisumbuliwi na stima inapokatika kwa muda mfupi. Kwa duka lenye kaunta moja Roret au Chebilat, hili ni chaguo la kuzingatiwa. Hatari yake ni kwamba masahihisho ya Android hupitia kwa mtengenezaji wa kifaa, na watengenezaji wa vifaa vya bei ya chini huenda wasiyatoe kabisa baada ya mauzo. Mnunuzi aulize kwa maandishi: masahihisho yatatolewa hadi mwaka gani?

Ipo pia njia ya nne isiyotajwa hadharani, nayo ni nakala haramu ya Windows. Kando na kukiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, nakala kama hiyo huenda ikawa imeingizwa virusi na yule aliyeivunja kufuli. Mwenye duka anayelinganisha bei ya leseni halali na nakala ya bure ya aina hii analinganisha kufuli ya chuma na ya karatasi.

Gharama halisi

Bei ya leseni ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Chukua mfano wa duka lenye kaunta nne zinazotumia Windows 10 ya kawaida. Microsoft ilitangaza kwamba biashara zitakazotaka kuendelea kupata masahihisho zitalipa dola 61 kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza, na bei hiyo itaongezeka maradufu kila mwaka, hadi miaka mitatu.

Hiyo ni dola 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa mashine moja. Kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola, duka hilo litakuwa limetumia zaidi ya Sh220,000 kwa mashine nne, na bado litalazimika kuhama kabla ya mwisho wa 2028. Mwaka wa kwanza pekee ungegharimu takriban Sh31,500. Kulipia mwaka mmoja ili kupata nafasi ya kupanga uhamisho kwa utulivu ni jambo la maana. Kulipia miaka mitatu bila mpango ni kuahirisha gharama huku ukiiongeza.

Kwa upande wa Linux, fedha zinazookolewa kwenye leseni huenda zikaishia kwa fundi. Hapo ndipo jambo la nne linapojitokeza. Mfumo usio na mtu wa karibu wa kuutengeneza ni ghali hata ukitolewa bure. Eneo hili halikosi vijana wenye ujuzi, na Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati mwaka 2013, kiko papa hapa Kericho. Hata hivyo, kumtegemea kijana mmoja tu anayejua nywila zote ni hatari sawa na kumtegemea muuzaji aliyeko mbali. Maelezo ya jinsi mashine zilivyopangwa yaandikwe, nayo nywila zihifadhiwe na mwenye duka.

Suala la fedha halipuuziki katika kaunti hizi. Mwaka 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamikia bonasi ndogo wakilinganishwa na wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Mfuko wa mkulima ukipungua, mauzo ya duka nayo hupungua, na mwenye duka hushawishika kuahirisha kila kitu kisichoonekana kwa macho. Mfumo endeshi ni wa kwanza katika orodha hiyo.

Hatua za kufuata

Anayetaka kuamua anaweza kuanza kwa kuandika katika karatasi moja mashine zote alizo nazo, mfumo endeshi wa kila moja, toleo lake kamili na tarehe ya mwisho wa huduma. Kazi hii huchukua saa chache na haigharimu chochote.

Hatua ya pili ni kumwita muuzaji wa programu ya mauzo na kumuuliza programu yake inakubali mifumo gani, imeunganishwa vipi na eTIMS, na hufanya nini mtandao unapokatika. Majibu yake ndiyo yatakayopunguza machaguo, kwani mfumo endeshi huchaguliwa kuambatana na programu ya mauzo, wala si kinyume chake.

Hatua ya tatu ni majaribio. Kaunta moja ipangwe kwa mfumo mpya na itumiwe kwa mwezi mzima katika kipindi cha wateja wachache. Katika mwezi huo stima ichomolewe makusudi, mtandao uzimwe, printa iishiwe na karatasi katikati ya mauzo, na keshia ajaribu kuchomeka kifaa cha kuhifadhi data chenye muziki. Mfumo uliofaulu majaribio hayo ndio uhamishiwe kaunta nyingine.

Hatua ya nne ni nakala ya akiba. Kumbukumbu za mauzo zinakiliwe kila jioni mahali pengine nje ya duka, na mashine moja iliyopangwa tayari iwekwe kando ili ichukue nafasi ya itakayoharibika.

Kwa kuwa bonasi hulipwa karibu na Oktoba, kazi yote hii inafaa iwe imekamilika kufikia mwisho wa Agosti. Anayeanza kubadilisha mashine zake malori ya bidhaa za msimu yakiwa mlangoni atakuwa amechelewa, na kwa wakati huo itambidi angoje hadi pilkapilka zipite.